Homoni: Ujumbe Unaopita Katika Damu ya Ng'ombe na ya Mtu

Kipeperushi kwa kaya za wafugaji wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara



Ukimhasi dume angali mdogo, unajua atakuwa ng'ombe wa namna gani. Nundu yake haitapanda kama ya fahali. Shingo haitajaa. Hatachimbua udongo kwa kwato wala kupigana na wenzake akinusa mtamba aliye kwenye joto. Atakuwa maksai, mpole, wa kufungwa jembe. Lakini wewe hukugusa nundu, wala shingo, wala ubongo wake. Umeondoa korodani mbili tu huko nyuma, na mwili wote hadi mbele umebadilika. Korodani zilikuwa zinaongeaje na nundu?

Wazee waliitumia elimu hii kwa vizazi vingi bila kuipa jina. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mtaalamu aitwaye Arnold Berthold alilijaribu swali hilo kwa jogoo. Alihasi vijogoo, kisha baadhi yao akawarudishia korodani, lakini si mahali pake. Alizipandikiza ndani ya tumbo, ambako hazikuwa tena na mishipa ya fahamu ya kuziunganisha na mwili. Vijogoo hao walikua na upanga mwekundu kichwani, wakawika, wakapigana kama majogoo kamili. Wale ambao hawakurudishiwa walibaki wanyonge. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikwisha kukatwa, ujumbe kutoka korodani ungeweza kupita njia moja tu: ndani ya damu.

Ujumbe wa namna hiyo ndio unaoitwa homoni. Jina hilo lilitolewa London mwaka 1905 na Ernest Starling, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Ndiyo sababu vitabu vingine vya Kiswahili huziita vichocheo.

Huenda unajiuliza kwa nini watu wa mifugo wanakuletea habari za mwili wa binadamu. Sababu ni kwamba tezi zilizomo mwilini mwa ng'ombe wako zimo pia mwilini mwako, zinatoa homoni zinazofanana sana, na nyingine ni zile zile kabisa. Ukielewa ya zizini umeelewa nusu ya yale ya nyumbani. Tena kuna mambo mawili yanayoingia nyumbani kupitia mifugo, yaani chumvi na sindano, ambayo yasipoeleweka yanaweza kuharibu mimba ya mkeo au akili ya mtoto wako.

TEZI ZIKO WAPI

Tezi ya homoni ni kiungo kidogo kinachotengeneza ujumbe na kuumwaga moja kwa moja kwenye damu. Chini ya ubongo kuna tezi pituitari, ambayo kwa mtu ni ndogo kama punje ya harage, nayo ndiyo inayoamrisha tezi nyingine nyingi. Mbele ya shingo, chini ya koromeo, kuna tezi ya shingo. Juu ya kila figo kuna tezi adrenali. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Kisha kuna kokwa za mwanamke na korodani za mwanamume. Anayechinja na kupasua ng'ombe amekwisha kuziona zote, ingawa nyingi huishia kwa mbwa.

Homoni hutumwa kwa kiasi kidogo mno. Homoni inayoshusha maziwa, kwa mfano, ni pungufu ya punje moja ya chumvi iliyoyeyushwa katika pipa la lita 200. Damu huizungusha mwili mzima, lakini viungo vilivyoandaliwa kuipokea ndivyo pekee vinavyotii. Ni kama unapomwita ng'ombe wako kwa jina kwenye mto Mara. Sauti wanaisikia wote, ila anayeinua kichwa ni mmoja.

KWA NINI NG'OMBE ANABANA MAZIWA

Watu wengi hudhani kiwele ni kibuyu, kwamba maziwa yamejaa ndani na kazi ya mkamuaji ni kuyamimina. Sivyo. Sehemu kubwa ya maziwa, zaidi ya robo tatu, imo juu katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na hata ukivuta chuchu hadi mikono iume hayatashuka yenyewe. Lazima vifuko hivyo vibanwe kutoka ndani, na amri ya kuvibana inatoka kichwani.

Mambo huenda hivi. Ndama anagonga kiwele kwa pua na kushika chuchu. Mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo. Tezi pituitari inamwaga homoni iitwayo oksitosini kwenye damu. Katika muda wa dakika moja hivi imefika kiweleni, misuli midogo inayozunguka vifuko inajikaza, na chuchu zinajaa. Nguvu yake hudumu dakika chache tu, kisha inaisha.

Hapo utaona kwa nini mkamuaji anayeanza kutafuta ndoo baada ya ndama kunyonya anapoteza maziwa yake mwenyewe. Andaa ndoo kwanza, nawa mikono, fukuza mbwa, kisha mlete ndama anyonye kidogo, au safisha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi. Chuchu zikijaa, kamua haraka bila kusimama hadi umalize. Simu isubiri.

Ng'ombe wetu wa asili mara nyingi hakubali kushusha bila kumwona au kumnusa ndama wake. Ndiyo maana wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ndama akifa, huichuna ngozi yake, huijaza majani na kuisimamisha mbele ya mama. Si ushirikina. Pua na macho ya mama yanaupelekea ubongo habari ile ile, na oksitosini inatoka.

Sasa mchape fimbo mbili. Au mtoto apige kelele nyuma yake, au aje mkamuaji mgeni. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni nyingine, adrenalini, ambayo ni homoni ya hatari. Hii inabana mishipa ya damu inayokwenda kiweleni, na ubongo nao unazuia oksitosini isitoke. Maziwa yamo lakini hayashuki. Unasema ng'ombe ana roho mbaya, unamwongeza fimbo ya tatu, na jioni anakuletea vikombe viwili.

Homoni hiyo ya hatari unaijua mwenyewe. Ukisikia fisi zizini usiku, au kelele za wizi wa mifugo zikivuma kutoka kijiji cha pili, moyo unadunda, mdomo unakauka, usingizi unakwisha, miguu inapata nguvu ambayo mchana hukuwa nayo. Hiyo ni adrenalini. Ni kazi nzuri kwa saa moja. Tatizo ni hofu au taabu inapodumu kwa siku nyingi, kwani tezi hizo hizo hutoa homoni nyingine, kotisoli, na hiyo ikizidi kwa muda mrefu inashusha kinga ya mwili. Ng'ombe aliyeswagwa siku tatu bila maji kwenda mnadani hashikwi na magonjwa baada ya safari kwa bahati mbaya tu. Na akichinjwa akiwa bado katika hali hiyo, nyama yake huwa nyeusi na ngumu kukauka, kwa sababu misuli imemaliza sukari yake njiani.

Mama anayenyonyesha ana oksitosini ile ile, si ya kufanana. Mtoto akilia, hata kabla ya kuwekwa kifuani, maziwa huanza kudondoka. Na mama akitishwa, akiumia au akilala njaa na mawazo, maziwa hayashuki, ingawa yamo. Kisha bibi anasema amekaukiwa, na mtoto wa miezi miwili anapewa uji au maziwa ya ng'ombe. Hapo tatizo dogo limegeuzwa kubwa, kwa sababu kuna homoni ya pili, prolaktini, ambayo kazi yake ni kutengeneza maziwa, nayo hutoka kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi, na asiponyonya mwili unapata habari kwamba maziwa hayahitajiki. Kwa hiyo mtoto asipewe kitu kingine, hata maji, hadi atimize miezi sita, na anyonye mara nyingi, usiku pia. Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa ni muhimu zaidi, maana oksitosini inayotokana na kunyonya hukaza pia mji wa mimba na kupunguza damu inayomtoka mama.

Wapo wanaume wanaokataza kelele zizini wakati wa kukamua, kisha wanaingia nyumbani na kumfokea au kumpiga mke anayenyonyesha. Mtu huyo analinda maziwa ya ndama na kumnyima mwanawe.

SHINGO NA CHUMVI

Katika tezi zote, hii ya shingo ndiyo inayotegemea unachonunua dukani, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Tezi ya shingo inatoa homoni inayouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Ikipungua, mtu anakuwa mzito, anasikia baridi wenzake wakiwa na joto, ngozi inakauka, kazi inamshinda, na jirani wanamwita mvivu. Ikizidi, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula vizuri. Kwa mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga, homoni hiyo hiyo ndiyo inayojenga ubongo.

Homoni hii haitengenezwi bila madini joto, na mwili hauwezi kuyazalisha. Yanatoka kwenye udongo, yanaingia kwenye majani na mazao, kisha kwa mnyama na mtu. Katika nchi za milima, mvua za miaka mingi zimeyaosha na kuyapeleka baharini, ndiyo maana sehemu za nyanda za juu na zilizo mbali na bahari, duniani kote, ndizo zinazojulikana kwa watu wenye shingo zilizovimba. Kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima akijumlisha madini joto yote anayohitaji kwa miaka 70 hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini hayawekwi akiba ya miaka. Lazima yaingie kidogo kidogo siku zote, na mama mjamzito anahitaji zaidi ya mtu mwingine.

Yakikosekana, tezi pituitari inaona homoni imepungua na inatuma amri: zalisha. Tezi ya shingo inajitahidi na kukua, kama mtu anayeongeza mawe ya kusagia wakati nafaka hakuna. Uvimbe huo ndio rovu, wengine husema goita. Si laana, si mkono wa mtu, wala hauambukizwi kwa kunywea kikombe kimoja.

Hata hivyo uvimbe wenyewe si hasara kubwa. Hasara kubwa haionekani shingoni. Mama mwenye upungufu anaweza kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto mfu. Akizaliwa hai, upungufu ukiwa mkali, mtoto anaweza kuwa bubu na kiziwi, mfupi, mwenye akili iliyodumaa maisha yake yote, na hakuna dawa ya kuirudisha. Upungufu ukiwa wa kadiri, mtoto anaonekana mzima kabisa, ila shuleni anaachwa nyuma, na mzazi anafikiri ndivyo alivyoumbwa.

Tanzania imelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa mstari wa mbele. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwekewe madini joto, kwa sababu chumvi ndicho chakula kinachofika kila chungu. Usidhani wenye bahari karibu walisalimika. Wataalamu walipowapima watoto wa shule kule Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na rovu, ingawa kisiwa kimezungukwa na bahari na chumvi inavunwa hapo hapo. Chumvi waliyokuwa wakila haikuwa imewekewa madini joto. Maji ya bahari yakikaushwa kwa jua hubakiza chumvi, lakini madini joto yanayobaki humo hayatoshi kitu.

Sasa tuangalie kaya ya mfugaji. Mara nyingi kuna chumvi za aina tatu: pakiti ndogo ya dukani, chumvi ya mawe au ya gunia iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe, na magadi. Pakiti ikiisha na duka likiwa mbali, mpishi anachota kwenye gunia la ng'ombe. Ladha ni ile ile, mboga inakolea, hakuna anayelalamika. Lakini chumvi ya gunia isiyoandikwa kitu, pamoja na magadi, usiitegemee hata kidogo kwa madini joto. Kaya inaweza kula hivyo mwaka mzima huku ikiamini inatumia chumvi. Nunua yenye maandishi yanayosema imeongezwa madini joto, na ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe.

Usiongeze kiasi cha chumvi ukidhani ndiyo kinga. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kiasi kile kile ulichozoea kinatosha, mradi kiwe cha aina inayofaa na kitunzwe vizuri. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, na uitie kwenye mboga mwishoni, karibu na kuipua, kwa sababu moto mwingi hupunguza madini joto.

Lipo jambo moja la hapa kwetu linalozidisha hatari, nalo ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu kadhaa wa Wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Rorya ya leo, walipooza miguu ghafla. Wengi wao walikuwa watoto na akina mama. Ugonjwa huo huitwa konzo. Watafiti waliufuatilia wakakuta kwamba njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa muhogo, na sumu ya sianidi ikabaki kwenye unga. Muhogo wenye sumu kidogo, usiofikia kupooza mtu, nao una madhara yake. Mwili unapoipunguza makali sumu hiyo, unaigeuza kuwa kitu kingine kinachogombania mlango na madini joto pale shingoni. Penye madini joto ya kutosha hakuna neno. Penye upungufu, rovu linakuja upesi zaidi. Kwa hiyo menya, vundika au loweka siku zinazotakiwa na kausha muhogo ukauke kabisa, hata kama njaa inabisha. Nyama, samaki na maziwa navyo husaidia mwili kuiondoa sumu.

Mbuzi wanaweza kukuonya mapema. Mbuzi wakizaa watoto wafu, dhaifu, wenye manyoya machache, na ukikuta uvimbe mbele ya shingo chini ya koromeo, huenda malisho yako hayana madini joto. Usichanganye na uvimbe laini kama maji chini ya taya, ambao mara nyingi ni wa minyoo au upungufu wa damu. Mwite afisa mifugo auone. Ukinunua jiwe la kulamba, soma kama lina madini joto. Si kwa faida ya mbuzi na ng'ombe peke yao, maana madini joto anayokula ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa yanakwenda kwa mtoto.

Mtu ambaye shingo yake imekwisha kuvimba aende kituo cha afya. Msichanje wala kuchoma uvimbe huo. Hapo pana mishipa mikubwa ya damu. Uvimbe wa miaka mingi hauishi kwa chumvi ya mwezi mmoja, na si kila uvimbe unatokana na chumvi. Ukikua haraka, ukiwa mgumu, sauti ikibadilika, pumzi au kumeza kukiwa kwa shida, au moyo ukikimbia na mwili kukonda, usikae nyumbani. Kituo kitampa rufaa, na kwa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza.

KONGOSHO LA NG'OMBE LILILOOKOA WATU

Unapokula, chakula kinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia kwenye misuli bila homoni ya kongosho iitwayo insulini. Isipokuwepo, sukari inajaa kwenye damu na kutoka na mkojo, na mwili unakufa njaa katikati ya chakula. Hicho ndicho kisukari.

Hadi mwaka 1921 mtoto aliyepata kisukari cha ghafla alikuwa hana njia, alikonda akafa. Mwaka huo, Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kutoa insulini kwenye kongosho. Walianza kwa mbwa, kisha wakaenda machinjioni kutafuta kongosho za ndama na ng'ombe, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo. Alikuwa anakaribia kufa, akaishi miaka mingine 13. Kwa miaka 60 hivi baada ya hapo, wagonjwa wa kisukari duniani waliishi kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe. Ile ya ng'ombe inatofautiana na ya mtu kwa vipande vitatu tu kati ya 51. Leo insulini hutengenezwa kwa njia nyingine, lakini mfano mzuri zaidi wa undugu wa mtu na ng'ombe sijauona. Kula kongosho hakutibu kisukari, maana tumbo huisaga insulini kama nyama nyingine; ndiyo sababu huchomwa kwa sindano.

Cha kukumbuka nyumbani ni dalili kwa mtoto. Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anayekojoa mara kwa mara, aliyeacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena, na anakonda haraka, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, ni saa, si siku. Wengi hutibiwa malaria, wengine hupelekwa kwa mganga, na kipimo chenyewe ni tone moja la damu kidoleni.

Kaya yenye mgonjwa wa insulini na isiyo na friji iweke dawa kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa katika chungu kikubwa chenye mchanga mbichi kati yao, kivulini. Mchanga uwe na maji siku zote. Isiguse barafu.

SINDANO ZA HOMONI ZIZINI

Mtaalamu wa uhimilishaji akija kuwaandaa ng'ombe wako waingie joto pamoja, mara nyingi huchoma prostaglandini. Kwa kawaida ng'ombe asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa sababu mji wa mimba hutoa homoni hiyo inayofuta amri ya kutunza mimba ambayo haikuwepo. Sindano inafanya kazi hiyo siku unayotaka wewe. Kwa hiyo ng'ombe mwenye mimba akichomwa kwa kukosea, anaitoa. Mwambie mtaalamu ukweli kuhusu dume aliyeingia zizini mwezi uliopita, hata kama ni la jirani na kuna ugomvi.

Dawa hiyo hupenya ngozi ya mtu. Tone likimwangukia mama mjamzito, au sindano ikimchoma, inaweza kuharibu mimba yake. Na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Mwanamke mwenye mimba, au anayefikiri huenda anayo, asishike chupa hiyo, asimshikie mtaalamu sindano, asifue koti lililomwagikiwa. Msichana naye vivyo hivyo, maana huenda hajasema. Mkono ukiguswa, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi.

Oksitosini ya mifugo huuzwa kwa ajili ya ng'ombe aliyebana maziwa. Daktari wa mifugo anaweza kuichoma kwa sababu maalum. Lakini anayeichoma kila asubuhi ili kuongeza maziwa anamzoesha ng'ombe asishushe bila sindano, na akitumia sindano moja kwa ng'ombe wengi anasambaza magonjwa ya damu. Na jambo hili lisikike vizuri: oksitosini ya mifugo asichomwe kamwe mama mwenye uchungu kwa nia ya kuharakisha uzazi. Kwa kiasi kibaya inapasua mji wa mimba, na mama na mtoto wanaweza kufa nyumbani. Kwenye kituo cha afya oksitosini hutumika kuzuia damu baada ya kujifungua, kwa kipimo cha binadamu na mkono wa mkunga, na hapo inaokoa maisha.

Dawa hizi zikihifadhiwa kwako kwa siku moja au mbili, zifungie kwenye sanduku mbali na watoto na mbali na dawa za watu. Chupa tupu na sindano zilizotumika mrudishie mtaalamu aliyezileta. Zisiachwe zizini wala kutupwa chooni.